DODOMA SI DAGO

Wavuvi wa pwani wanapofuata samaki mbali na kwao hupiga dago. Hujenga vibanda vya makuti ufukweni, wakavua, wakapika na kulala hapo, na msimu ukigeuka hutweka matanga wakarejea makwao. Hakuna mvuvi apandaye mnazi dagoni, wala achimbaye kisima cha kudumu, wala ampelekaye mwanawe kusoma huko. Hapana wa kumlaumu, kwa kuwa dago halikukusudiwa kuwa mji. Lawama huanza pale mji unapogeuzwa dago na watu wale wale waliopelekwa kuujenga.

Jambo hilo linastahili kufikiriwa na kila mtumishi wa umma na kila mwalimu aliyepewa, au anayetazamia kupewa, barua ya uhamisho kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Kwa miaka mingi watu walibishana kama Serikali itahama au haitahama. Ubishi huo umekwisha. TANU ilitoa uamuzi mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa mwaka huo huo, kwa matumaini kwamba kazi ingemalizika katika miaka 10. Kupanda kwa bei ya mafuta, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na dhiki ya uchumi ya miaka iliyofuata, viliichelewesha kazi hiyo mno. Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma kabla ya mwaka 2020. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huo huo. Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akafuata Desemba 2017. Na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Mwaka 2018 Dodoma ilipewa hadhi ya jiji, na sheria ikatungwa kuitangaza kuwa makao makuu ya nchi.

Kwa hiyo swali lililobaki ni la kila kaya. Wizara zimehama, je, watu wake wamehama? Mtu aweza kuhama kwa barua asihame kwa nyumba. Meza yake iko Mtumba, kitanda chake kiko Tabata. Jina lake limo katika orodha ya mishahara ya Dodoma, lakini mke, watoto, mradi wa kuku, chama cha kuzikana na matumaini yake yote yamebaki Dar es Salaam. Mtu wa namna hiyo hapaswi kukemewa kabla ya kusikilizwa, maana zipo sababu za kweli zinazomfanya asite. Yafaa basi mambo yote mawili, mema na magumu, yawekwe katika mizani moja na kupimwa bila upendeleo.

YALIYO MEMA

La kwanza ni wakati. Kwa hesabu ya watu na makazi ya mwaka 2022, Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, na Jiji la Dodoma lilikuwa na watu 765,179. Yaani kwa kila watu saba wa Dar es Salaam, Dodoma ina mmoja. Tofauti hiyo huonekana barabarani kila asubuhi. Mtumishi akaaye Mbagala au Gongo la Mboto, ambaye hutumia saa 2 kwenda kazini na saa 2 kurudi, kwa siku 22 za kazi hupoteza saa 88 kila mwezi. Hizo ni sawa na siku 11 za kazi za saa 8. Hakuna anayemlipa kwa siku hizo, wala hakuna shamba analolima kwa siku hizo. Huzimaliza akiwa amesimama ndani ya daladala. Katika mji mdogo sehemu kubwa ya saa hizo humrudia mwenyewe. Mwalimu hupata muda wa kusahihisha madaftari kabla ya giza, na mzazi hupata kumwona mtoto wake akiwa macho.

La pili ni ardhi. Dodoma ni mji uliopangwa kwenye karatasi kabla ya kujengwa, na viwanja vyake vingi vimepimwa. Kwa miaka mingi mkazi wa mji huo alikuwa akipewa hati ya miaka 33 tu chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, jambo lililowatia watu wengi hofu ya kujenga nyumba za maana. Mamlaka hiyo ilivunjwa Mei 2017, na tangu hapo njia ikafunguliwa ya kupata hati ya miaka 99 kama ilivyo katika miji mingine. Kwa mtumishi wa kipato cha kati ambaye Dar es Salaam asingeweza kupata kiwanja ila nje kabisa ya mji, hilo si jambo dogo.

La tatu ni huduma. Wale wanaoikumbuka Dodoma ya zamani, ya kituo cha reli na maduka machache, wanazungumza habari za mji mwingine. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Hospitali ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mwaka 2015, na magonjwa mengi ambayo zamani yalimlazimisha mgonjwa kupelekwa Muhimbili sasa hutibiwa huko huko. Si kweli tena kwamba kuhamia Dodoma ni kuhamia nyikani.

La nne, ambalo ndilo lililokuwa hoja kuu tangu mwanzo, ni mahali mji ulipo. Dodoma iko karibu na kitovu cha nchi. Mwananchi wa Kigoma, wa Mwanza au wa Singida mwenye shida ya kufika wizarani hana haja tena ya kuvuka nchi nzima hadi bahari imzuie. Faida hiyo ni ya wananchi kabla ya kuwa ya watumishi, na hapana budi ikumbukwe hivyo.

YALIYO MAGUMU

Upande wa pili wa mizani nao si mtupu, na mtu asemaye kwamba ni mtupu huwa ama hajahama au amesahau.

Kwanza ni maji. Dodoma ni nchi kame. Mvua yake huja kwa msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Kwa miaka mingi mji umetegemea zaidi visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na visima hivyo vilichimbwa kwa ajili ya mji uliokuwa mdogo kuliko huu wa leo. Mgao wa maji si jambo geni kwa wakazi. Ahamiaye huko akiwa amezoea bomba la kila saa hana budi kujifunza mapema matumizi ya pipa na tangi.

Pili ni kazi ya mwenzi. Barua ya uhamisho huandikwa kwa jina la mtu mmoja, lakini huihamisha nyumba nzima. Ikiwa mume ni afisa na mke ana duka Kariakoo, au mke ni mkaguzi na mume ni fundi bandarini, barua hiyo inamtaka mmoja wao aiache riziki aliyoijenga kwa miaka mingi. Wateja hawahamishwi kwa barua. Bandari haifungashwi katika lori la mizigo.

Tatu ni kipato cha pembeni. Kila mtu anajua, ingawa si wote wasemao, kwamba watumishi wengi hawaishi kwa mshahara peke yake. Wapo wenye chumba cha kupangisha, wapo washonao nguo jioni, wapo walimu wafundishao watoto wa jirani kwa ada ndogo. Mji mkubwa una wateja wengi wa mambo hayo. Mji mdogo huanza upya na kila mtu, na mwaka wa kwanza huwa mgumu.

Nne ni watoto na wazee. Mtoto aliye darasa la saba au kidato cha nne hawezi kung'olewa katikati ya mwaka kama mche. Mama mzee anayehudhuria kliniki kila mwezi kwa daktari anayemjua hawezi kuambiwa tu kwamba daktari yuko kila mahali.

Tano, na hili husahauliwa sana, ni gharama wanayoibeba wenyeji. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, kodi za nyumba na bei za viwanja zilipanda. Vijiji vilivyokuwa mashamba ya uwele na mtama vikawa mitaa. Mtumba yenyewe, ambako leo ziko ofisi za wizara, ilikuwa kijiji kando ya barabara iendayo Morogoro. Mgogo aliyekuwa na shamba lake amekuwa mtu wa kungoja fidia, na mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwako tangu zamani amejikuta akilipa kodi inayopangwa kwa kutazama mfuko wa mgeni. Kwa hiyo mgeni aingiaye mji mdogo huwa na deni kwa mji huo tangu siku ya kwanza, ajue asijue.

KAYA MBILI, HASARA MBILI

Baada ya kuyapima hayo yote, watu wengi hawachagui kuhama wala kubaki. Huchagua vyote viwili. Hupanga chumba Dodoma, huiacha nyumba Dar es Salaam, na kila Ijumaa huwa safarini. Zamani safari hiyo kwa basi ilikula karibu kutwa nzima, na uchovu wenyewe ulimzuia mtu. Tangu Julai 2024 treni ya umeme imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na safari imekuwa ya takriban saa 4. Ni kazi kubwa na yenye manufaa kwa Taifa. Lakini kila chombo kizuri huleta kishawishi chake, na kishawishi cha treni hii ni kumfanya mtu aamini kwamba aweza kukaa miji miwili kwa wakati mmoja.

Na ifanywe hesabu. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa safari hizo zilipoanza ilikuwa shilingi 31,000. Kwenda na kurudi ni shilingi 62,000. Kwa majuma 4 ya mwezi ni shilingi 248,000, na kwa mwaka ni shilingi 2,976,000. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kilichoanza Julai 2025 ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Maana yake, mtumishi wa ngazi hiyo akijaribu kwenda nyumbani kila juma atatumia nusu ya mshahara wake kwa nauli, kabla hajalipa kodi ya chumba wala kununua unga. Hata kwa mwenye mshahara mara tatu ya huo, fedha hizo ni mifuko ya saruji inayoteketea njiani kila mwezi.

Hasara ya fedha hata hivyo ndiyo ndogo. Iliyo kubwa ni ya kazi na ya malezi. Mtu mwenye treni ya Ijumaa huanza kutazama saa tangu asubuhi ya siku hiyo, na aliyechelewa kurudi Jumatatu huanza kazi akiwa na usingizi. Juma la siku tano huwa la siku nne au pungufu. Mstaafu aliyetoka Kasulu kufuatilia faili lake, akafika Ijumaa alasiri, huambiwa arudi Jumatatu. Naye hana treni ya kumrudisha Kasulu na kumleta tena, wala hana ndugu wa kumlaza. Mtu huyo ndiye aliyekuwa hoja ya mwaka 1973. Akifika makao makuu yaliyosogezwa karibu naye, akamkuta mhusika amekwenda pwani, basi kwake yeye makao makuu hayajahama.

Mwalimu naye akiishi hivyo, darasa lake la Ijumaa huwa la kuandika nukuu ubaoni tu. Watoto hulitambua jambo hilo kabla ya mwalimu mkuu kulitambua. Na nyumbani nako, mtoto wa Dar es Salaam humzoea baba wa Jumamosi: mgeni mwenye zawadi, asiyejua jina la mwalimu wa hesabu wala sababu ya mtoto kuacha kucheza na jirani. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi, na fisi ana miguu minne.

DAR ES SALAAM NAYO ILIKUWA NDOGO

Yuko atakayesema kwamba ni rahisi kuhubiri kuhama, lakini mji mdogo ni mji mdogo. Msemaji huyo na aitazame historia ya mji anaoona taabu kuuacha. Dar es Salaam ilianza kujengwa katika miaka ya 1860 na Sultani Majid bin Said wa Unguja, kando ya kijiji cha Mzizima. Alijenga jumba, akaleta watu, akakusudia bandari kubwa. Alipofariki mwaka 1870, mrithi wake Barghash hakuiendeleza kazi, na mji ukadhoofu. Sababu iko wazi: ulikuwa mji wa matakwa ya mtu mmoja, na wengi waliokuwamo walikuwamo kwa ajili yake. Lilikuwa dago la kifalme.

Wajerumani walipohamisha makao yao ya utawala kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam mwaka 1891, Bagamoyo ndiyo iliyokuwa na jina, kwa kuwa ndiko misafara ya Tabora na Ujiji ilikomalizia safari. Dar es Salaam ilikuwa mji mdogo wenye bandari nzuri. Kilichoukuza baadaye si amri ya utawala peke yake, bali makuli, mafundi, makarani, wauza samaki na walimu waliofika, wakajenga, wakaoana, wakazikana hapo. Wajukuu wao ndio leo wasemao kwamba hakuna mji mwingine.

Dodoma nayo ina ushahidi wake. Reli ya kati ilifika hapo mwaka 1910, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Wengi walipita na treni hiyo bila kuteremka. Mji haukujengwa na waliopita. Ulijengwa na walioteremka wakabaki. Reli ya kwanza iliuzaa mji wa Dodoma kwa kuwaacha watu hapo. Reli mpya itaukuza ikiwa itawaleta watu wa kukaa, na itaunyonya ikiwa itauchukua mshahara uliolipwa Dodoma kila Ijumaa na kuutumia Dar es Salaam. Shilingi inayolipwa Mtumba na kununua samaki Feri haimjengi fundi wa Nkuhungu, haimnunulii mkulima zabibu, wala haimlipi mama auzaye mboga Majengo.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Si haki kumtwisha mtumishi mzigo wote. Mwajiri amwamuruye mtu kuhama ana wajibu wake, na wajibu huo hautimizwi kwa hotuba. Stahili za uhamisho, yaani nauli ya familia, gharama za mizigo na posho ya kujikimu, zilipwe kabla ya safari na si baada ya madai ya miaka. Walimu hasa wamelijua chungu la malimbikizo kwa muda mrefu. Mwalimu aliyehama kwa mkopo hufundisha akiwa anahesabu riba. Mume na mke walio watumishi wote wawili wahamishwe pamoja, na barua zao zitoke siku moja. Mwenye mtoto katika darasa la mtihani apangiwe kuhama mwaka wa masomo unapokwisha. Maji, madarasa na zahanati vitangulie makazi, visiyakimbilie kwa nyuma. Na viongozi wasiitishe Dar es Salaam vikao vinavyoweza kufanyika Dodoma, kwa maana mtumishi hujifunza kuhama kwa kutazama gari la mkubwa wake linaelekea wapi siku ya Ijumaa.

Mtumishi kwa upande wake, haki zake zikitimizwa, anapaswa kuamua. Asiyeweza kuhama kwa sababu ya kweli, kama ugonjwa au mzazi asiye na mwangalizi mwingine, na aseme mapema kwa maandishi, aombe nafasi katika kituo kinachomfaa, ili kiti chake Dodoma kikaliwe na mwenye kuweza. Hiyo si aibu. Awezaye kuhama na ahame kwa ukamilifu. Aipeleke familia, hata kama ni baada ya mwaka mmoja wa maandalizi. Auze au apangishe alichokiacha badala ya kukitembelea. Anunue kiwanja kwa njia halali na ahakikishe aliyekuwa na shamba hapo amelipwa. Aingie katika kamati ya shule ya mtaa wake, ajue jina la balozi wake, ajifunze salamu ya Kigogo, apande mti na kuumwagilia maji aliyoogea.

Mkulima wa Dodoma anaifahamu kanuni hii bila kufundishwa. Mzabibu hupandwa, ukasimikiwa miti ya kutambaa, ukapogolewa na kungojewa. Ukishashika mizizi, huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Lakini hakuna mzabibu unaopandwa Jumatatu na kung'olewa Ijumaa ukazaa.

Mizani ya kuhamia mji mdogo haitalala upande mmoja kwa watu wote, wala hakuna ajuaye hesabu za kaya nyingine kuliko wenye kaya. Lililo hakika ni hili moja: faida za mji mdogo, yaani wakati, ardhi, utulivu na heshima ya kujulikana, hupatikana kwa akaaye peke yake, ilhali taabu zake, yaani vumbi, mgao wa maji na upweke, humpata hata ashindaye humo siku nne. Ahamaye nusu huchukua taabu zote na kuziacha faida zote. Dodoma imekwisha kupewa ofisi, sheria na reli. Inachongojea sasa ni watu wa kukaa.